Mtoto Huyu Ana Nini?

Likizo iliyopita nilikwenda kumwamkia mama mdogo, ambaye nyumba yake ni mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu. Mama mdogo ana watoto watatu, na wa pili ni mvulana wa miaka tisa asiyesema. Hutembea kwa kuyumba, hulishwa kwa mkono, na mara kwa mara hushikwa na kifafa. Wageni wakija hupelekwa chumba cha nyuma. Siku hiyo hakupelekwa, kwa kuwa mimi si mgeni, akaketi mkekani karibu nami akichezea mkanda wa mfuko wangu.

Nilipomaliza chai mama mdogo aliniuliza, "Mwanangu, wewe unasoma sayansi huko shuleni. Hebu niambie, mdogo wako huyu ana nini?"

Niliona haya. Naweza kuchora moyo na vyumba vyake vinne, na naweza kutaja sehemu za ua bila kutazama kitabu, lakini jibu la swali lile sikuwa nalo. Nikasema, "Mama, hatujafika huko." Akacheka kidogo, akasema, "Haya, mkifika utaniambia." Sababu ya swali lake naijua. Watu wa upande wa mumewe husema ugonjwa ule umetoka kwetu, yaani yeye ndiye aliyeuleta nyumbani kwao. Wengine husema maneno mabaya kuliko hayo, nami sitayaandika hapa.

Niliporudi shuleni nilimpelekea mwalimu wetu wa baiolojia swali lile. Aliniambia kwamba hakuna mtu awezaye kumpima mtoto kwa kusimuliwa tu. Hata hivyo alinipa sura moja ya kitabu chake nisome, yenye habari za daktari mmoja wa Norwei aliyeulizwa swali hilohilo na mama mwingine. Nimeisoma mara tatu, na mengine nimeyatafuta katika maktaba yetu. Haya ndiyo niliyoyapata, na nimejaribu kuyaeleza kwa Kiswahili ili wazazi wetu nao wayasome, si sisi wa darasa la sayansi peke yetu.

Mama wa Norwei

Norwei ni nchi ya baridi iliyo kaskazini kabisa mwa Ulaya. Katika mwaka 1934 palikuwa na mama mmoja huko mwenye watoto wawili, binti wa miaka sita na mvulana wa miaka minne. Wote wawili walizaliwa wazima. Walinyonya, wakanenepa, wala hakuna aliyeona kasoro. Lakini miezi ilipita na binti hakusema. Alipofika miaka sita alikuwa na maneno machache tu, na mwendo wake haukuwa imara. Mdogo wake alikuwa na hali mbaya zaidi. Hakuweza kusema wala kutembea, hakuweza kula wala kunywa peke yake, na alikuwa akifungwa nepi kama mtoto mchanga.

Mama huyo aliwapeleka watoto wake kwa madaktari wengi, mmoja baada ya mwingine, akirudi nyumbani bila jibu. Tena alikuwa ameona jambo moja ambalo wengine hawakulijali. Watoto wake walikuwa na harufu ya ajabu, kama ya kitu kilichoota ukungu, nayo haikutoka hata wakiogeshwa. Kila alikokwenda aliuliza juu ya harufu hiyo. Watu walichoka kusikia, lakini yeye hakuchoka kuuliza.

Mwishowe wazazi hao walifika kwa Daktari Asbjørn Følling katika mji wa Oslo. Bwana Følling alizaliwa mwaka 1888, akakulia shambani. Alisoma kwanza kemia mpaka akahitimu, kisha akaanza upya na kusoma udaktari. Yafaa tulikumbuke jambo hili, kwani daktari asiyejua kemia angaliweza kuwatazama watoto wale siku nzima asione zaidi ya waliyoyaona wenzake.

Rangi ya kijani

Daktari Følling aliwapima watoto kwa mikono na kwa macho, asipate jipya. Akaomba mkojo wao. Akaupima kama kawaida, akitafuta protini na sukari, asivione. Kisha akaongeza matone ya dawa yenye chuma iitwayo kloridi ya feri. Siku hizo madaktari waliitumia dawa hiyo kwa wagonjwa wa kisukari. Mkojo wa mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa hugeuka mwekundu wa zambarau, na mkojo wa mtu mzima wa afya hubaki na rangi ya kahawia ya dawa yenyewe. Mkojo wa binti yule haukuwa mwekundu wala wa kahawia. Uligeuka kijani kibichi, na baada ya dakika chache rangi ikafifia. Akajaribu wa mvulana, nao ukawa kijani vilevile.

Hapo ndipo ningependa wenzangu wa maabara wasimame kidogo. Sisi tukipata rangi isiyoandikwa kitabuni husema kwamba chupa ilikuwa chafu, kisha tukaandika jibu la jirani. Daktari Følling hakujua rangi ile maana yake nini, kwani hakupata kuiona wala kuisoma popote. Alimwambia mama awaachishe watoto dawa zote walizokuwa wakipewa, kisha alete mkojo mwingine. Akauleta. Rangi ikawa ileile.

Basi ikaanza kazi ya zaidi ya miezi miwili. Mama alikuwa akileta chupa za mkojo, na daktari alikuwa akitafuta ndani yake kitu kimoja kisichojulikana. Wameandika kwamba alitumia lita 20 na zaidi. Kitu hicho kilikuwa chepesi kuharibika kikiguswa na hewa, ikambidi afanye kazi kwa uangalifu mwingi. Mwishowe alipata chembechembe safi. Akazipima, akaona zina kaboni tisa, haidrojeni nane na oksijeni tatu. Akakisia kwamba ni asidi ya fenailpiruvi.

Lakini kukisia si kujua. Akachukua asidi ya fenailpiruvi iliyo halisi, akaichanganya na chembechembe zake, akazipasha moto. Tumefundishwa kwamba vitu viwili tofauti vikichanganywa, mchanganyiko huyeyuka katika joto la chini zaidi. Mchanganyiko wake uliyeyuka katika joto lilelile. Kwa hiyo vilikuwa kitu kimoja, na asidi hii haitakiwi kuonekana katika mkojo wa mtu.

Hata hapo hakuridhika. Watoto wawili wa nyumba moja wangaliweza kuwa jambo la bahati tu. Akaomba mkojo wa watu 430 waliokuwa wakitunzwa katika nyumba za watu wenye akili dhaifu, akautia dawa yake mmoja mmoja. Katika watu hao 430, mkojo wa watu wanane uligeuka kijani. Watu hao wanane hawakuwa wa nyumba moja na wale watoto wawili, bali walikuwa na ugonjwa mmoja nao. Mwaka uleule wa 1934 akatangaza habari hizo. Baadaye ugonjwa huo ulipewa jina la fenailketonuria, na madaktari hulikata wakaita PKU.

Mfereji uliozibwa

Sasa nieleze ni kitu gani kinachotokea ndani ya mwili. Nyama, samaki, maharage, mayai, maziwa, na hata ugali, vyote vina protini. Protini ni kama uzi wa shanga, na shanga zake ni za aina 20. Tukila, tumbo hukata uzi na shanga huingia katika damu, kisha mwili huzitunga upya upendavyo. Shanga moja huitwa fenailalanini. Mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, kwa hiyo ni lazima tuile. Ile inayozidi mahitaji hupelekwa katika ini, na huko kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa shanga nyingine iitwayo tairosini.

Wenzangu wanaotoka Kilimanjaro na Upare wanaijua mifereji ya kumwagilia mashamba. Fikirini mfereji uliozibwa katikati. Kwanza, maji hujaa upande wa juu. Pili, hufurika na kutafuta njia isiyo yake. Tatu, mashamba ya upande wa chini hukauka. Mtoto mwenye ugonjwa huu hana kimeng'enya kile, au anacho kibovu, na mambo hayo matatu humpata. Fenailalanini hujaa katika damu. Nyingine hufurika ikageuka asidi ile ya kijani, ikatoka katika mkojo, na kitu kingine cha jamii hiyo huleta harufu ya ukungu aliyoilalamikia mama. Nayo tairosini hupungua. Kwa kuwa tairosini ndiyo mwili huitumia kutengeneza rangi ya ngozi na nywele, aghalabu watoto hawa huwa weupe kuliko ndugu zao.

Lakini hasara kubwa iko katika ubongo. Fenailalanini ikijaa hulisonga lango ambalo shanga nyingine hupitia kuingia katika ubongo, na ubongo mchanga unaojengwa siku kwa siku hukosa vifaa vyake. Nyumba ikijengwa kwa matofali pungufu, huwezi kuja kuyaongeza baadaye chini ya ukuta uliokwisha kusimama. Ndiyo maana mtoto huzaliwa mzima. Alipokuwa tumboni, mwili wa mama yake ulikuwa ukimwondolea kile kinachozidi. Baada ya kuzaliwa huanza kunyonya, na mfereji huanza kujaa. Chakula kinachowakuza watoto wengine ndicho kinachomharibu huyu, wala mama hawezi kujua.

Kabla ya Bwana Følling alikuwako Mwingereza aitwaye Archibald Garrod, ambaye mwaka 1908 alifundisha kwamba yako magonjwa ya kuzaliwa nayo yanayotokana na hatua moja iliyokosekana katika kazi za mwili. Ualbino ulikuwa mmoja wa mifano yake. Wakati huo wengi hawakumsikiliza. Ugonjwa wa kijani ulionyesha kwamba alisema kweli, na kwamba hatua moja ikikosekana katika ini yaweza kuharibu akili.

Sarafu mbili

Hapa nafika mahali palipomhusu mama mdogo. Ugonjwa huu hutoka upande gani?

Kila mmoja wetu ana maagizo ya mwili yaliyoandikwa mara mbili, nakala moja ya baba na nakala moja ya mama. Agizo la kutengeneza kimeng'enya kile likiwa bovu katika nakala moja, ile nyingine hutosha, na mtu huwa mzima kabisa hata asijue kwamba anabeba nakala mbovu. Mtoto huugua tu akipokea nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine mbovu kutoka kwa mama. Moja peke yake haiwezi. Kwa hiyo mtu akisema ugonjwa wa namna hii umeletwa na ukoo wa mke, amekosea hesabu, maana hapana budi utoke pande zote mbili sawasawa.

Jioni moja wakati wa kujisomea mimi na rafiki yangu tulijaribu hesabu hiyo kwa sarafu mbili za shilingi mia. Sarafu yake ilikuwa baba, yangu ilikuwa mama. Upande wa kichwa ulikuwa nakala nzima, na upande wa pili nakala mbovu. Tulizirusha pamoja mara 100. Sarafu zote mbili zilionyesha ubovu mara 23, ambayo ni karibu na robo, kama kitabu kisemavyo. Lakini tuliona jambo jingine. Mara moja zilionyesha ubovu mara tatu mfululizo, na mara nyingine tulirusha mara kumi na moja bila kuuona. Basi nyumba moja yaweza kupata watoto wawili wagonjwa kama ile ya Norwei, na nyumba nyingine yenye nakala zilezile isipate hata mmoja, wala hakuna aliyetenda jema au baya. Sarafu haimjui anayeirusha.

Ualbino na ugonjwa wa selimundu, ambao tunao hapa kwetu, hufuata kanuni hiyohiyo ya nakala mbili. Ugonjwa wa PKU wenyewe ni nadra kwa watu wa asili ya Afrika, na huko Ulaya humpata mtoto mmoja hivi katika kila 10,000. Tena niseme kweli yote. Yako magonjwa mengine ya urithi yanayotoka kwa mzazi mmoja tu, lakini hata katika hayo hakuna mzazi anayechagua nakala atakayompa mtoto wake.

Chakula cha kupima

Kujua sababu hakukuwaponya watoto wale wa Norwei. Muda ulikwisha kupita. Ilipita karibu miaka 20 kabla ya mtu kuweza kufanya lolote.

Katika mwaka 1951, kwenye hospitali ya watoto ya Birmingham huko Uingereza, daktari aitwaye Horst Bickel alimpata binti mdogo wa mwaka mmoja na nusu mwenye ugonjwa huu. Alikuwa hawezi kusimama, hamtazami mtu, na alikuwa akilia na kujigonga kichwa. Bickel alimweleza mama yake jina la ugonjwa, akasema hauna dawa. Mama hakukubali. Kila asubuhi alikuwa akimngojea mlangoni mwa maabara na kumwuliza lini atapata njia ya kumsaidia mwanawe.

Bickel na wenzake, John Gerrard na Evelyn Hickmans, wakaamua kujaribu. Ikiwa fenailalanini ndiyo inayojaa, je, mtoto akipewa chakula kisicho nayo? Mwenzao wa London, Louis Woolf, alikuwa amefikiri njia. Walichukua protini ya maziwa, wakaikata iwe shanga mbalimbali, wakaipitisha katika mkaa maalumu unaoishika fenailalanini. Kisha wakarudisha shanga nyingine zilizoshikwa pamoja nayo. Baada ya miezi kadhaa ya chakula hicho, pamoja na maziwa kidogo ya kupima, binti aliacha kujigonga, akajifunza kutambaa na kusimama, na nywele zake zikaanza kuwa nyeusi zaidi.

Wakataka kuhakikisha. Wakatia fenailalanini katika chakula chake bila kumwambia mama. Muda si mrefu mama akaja na habari kwamba mwanawe anaharibika, analia, anajigonga kichwa, na amesahau kutambaa. Walipoiondoa alipata nafuu tena. Habari hizi zilichapwa mwaka 1953. Nikiri kwamba mahali hapa palinichukiza, na darasani tulijadiliana sana. Wengine walisema kwamba bila kumficha mama, watu wangalisema ameona alilotaka kuona. Wengine walisema mama aliyengoja mlangoni kila asubuhi alistahili kuambiwa. Siku hizi sheria za utafiti zinataka mzazi akubali kwanza, nami naona ni haki.

Mwaka huohuo wa 1953 George Jervis wa Marekani alionyesha kwamba ni kimeng'enya cha ini ndicho kinachokosekana. Mfereji ukawa umejulikana, na mahali palipozibwa pakajulikana.

Tone la damu kisiginoni

Ikabaki shida moja. Chakula kile hakirudishi kilichokwisha kuharibika katika ubongo, huzuia tu kisiharibike. Kwa hiyo ni lazima kianze katika siku za kwanza za maisha, wakati mtoto angali anaonekana mzima. Lakini utamjuaje mgonjwa asiye na dalili? Hata rangi ya kijani haionekani mpaka wiki kadhaa zipite.

Aliyepata njia ni Robert Guthrie wa mji wa Buffalo, Marekani. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa kiume mwenye akili dhaifu kwa sababu nyingine, na binti wa shemeji yake alikuwa na PKU iliyogunduliwa ikiwa imechelewa. Guthrie alichoma kisigino cha mtoto mchanga, akadondosha damu kwenye karatasi nene, akaiacha ikauke. Kisha alikata kipande cha karatasi na kukiweka juu ya bakteria waliozuiwa kukua kwa dawa. Damu ikiwa na fenailalanini nyingi, bakteria hushinda dawa na kukua kuizunguka karatasi. Kipimo hicho ni rahisi, na karatasi yaweza kutumwa kwa posta. Kufikia mwaka 1963 watoto wapatao 400,000 walikuwa wamepimwa huko Marekani, na 39 walionekana na ugonjwa kabla haujawaharibu. Mwaka huohuo jimbo la Massachusetts liliweka sheria kwamba kila mtoto apimwe. Nchi nyingi zimefuata.

Watoto waliogunduliwa mapema wamekua, wamesoma, wameoa na kuolewa. Chakula chao ni cha kupima maisha yote, na wanawake hujihadhari zaidi kabla ya kuchukua mimba, kwani fenailalanini ikizidi humdhuru mtoto aliye tumboni. Tangu 2007 iko pia dawa ya kumeza inayowafaa baadhi yao. Na mkinywa soda isiyo na sukari, someni maandishi madogo ya kopo. Aghalabu mtaona onyo kwamba ina fenailalanini, kwa sababu imo katika aina moja ya utamu wa kutengenezwa. Onyo lile limewekwa kwa ajili yao.

Karatasi ya Guthrie nayo imefika kwetu kwa kazi nyingine. Watoto wachanga wa mama wenye virusi vya UKIMWI hupimwa hapa nchini kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi.

Daktari Følling alipata tuzo huko Marekani mwaka 1962, akafariki mwaka 1973. Mwenyewe aliishi kuona watoto wakiokolewa kutokana na zile chupa za mama mmoja.

Jibu langu kwa mama mdogo

Sisemi kwamba mtoto wa mama mdogo ana PKU. Yamkini hana. Mwalimu ameniambia kwamba mtoto aweza kuwa na hali kama ile kwa sababu nyingi: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya manjano ya watoto wachanga isiyotibiwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au magonjwa mengine ya urithi. Mwenye kuzitenganisha ni daktari, wala si mwanafunzi wa kidato cha nne. Kifafa chake nacho kina dawa, hata kama sababu yake haitajulikana.

Jumapili moja nilimwomba matroni simu, nikampigia mama mdogo. Nikamwambia kwamba tumefika huko. Nikamsimulia habari za mama wa Norwei, chupa za mkojo, na zile sarafu mbili. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza, "Kwa hiyo si mimi?"

Nikasema, "Mama, ni nini sijui. Lakini hata kama ni cha urithi, hukukichagua, na huenda baba naye ametoa nusu yake."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Hayo ya sarafu yaandike vizuri, ili baba yake ayasome mwenyewe." Ndiyo sababu nimeyaandika, na yeye amenipa ruhusa. Likizo hii tumepatana kwenda wote pamoja, yeye, mumewe, mtoto na mimi, katika hospitali ya mkoa. Mwalimu amenisaidia kuandika orodha ya mambo ambayo daktari atapenda kujua: siku ya kuzaliwa ilivyokuwa, mwezi aliokaa, homa alizougua, na siku kifafa kilipoanza. Mama mdogo anayakumbuka yote, na tarehe zake. Hakuna mtu aliyepata kumwuliza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne